Karoti, tumbaku au mpunga: protini yako ya dawa ioteshwe wapi?

Wanaofika kwenye swali hili kwa kawaida wamekwisha kuamua mambo mawili. Wanayo protini wanayoitaka, iwe kingamwili, kimeng'enya au kipande cha virusi cha kutengenezea chanjo, na wanajua kwamba mmea ukipewa jeni yake unaweza kuitengeneza. Wanakwama kwenye hatua inayofuata. Mmoja anawashauri watumie majani ya tumbaku, mwingine seli za karoti zinazokuzwa kwenye mfuko wa plastiki, wa tatu punje za mpunga, na wa nne anawasimulia habari za kloroplasti, vile vifuko vya kijani ndani ya seli za jani. Kila mmoja ana mfano wa kweli wa kujitetea nao.

Nauweka msimamo wangu mezani mapema. Mmea haushindi kwa sababu ni wa bei nafuu, ingawa hivyo ndivyo unavyonadiwa tangu watafiti wa Marekani walipochapisha habari za kingamwili ndani ya tumbaku mwaka 1989. Hushinda pale ambapo tabia yake fulani inakutana na hitaji la protini fulani. Basi anayechagua aanze na protini, kisha ndipo atafute mmea.

Tena asisahau washindani walioko nje ya bustani. Insulini hutengenezwa na bakteria tangu 1982, na baadaye na hamira pia. Kingamwili nyingi zilizoko sokoni hutoka kwenye seli za ovari ya hamsta, ambazo dawa yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na leo lita moja ya mchuzi wa seli hizo hutoa gramu kadhaa za kingamwili. Kampuni ya SemBioSys ya Calgary, Kanada, ilifanikiwa kutengeneza insulini ndani ya mbegu za kartamu, mmea wa jamii ya alizeti. Sayansi yake ilikuwa safi. Lakini insulini ni protini ndogo isiyo na sukari, na bakteria na hamira walikuwa wakiitoa vizuri kwa miongo mitatu. Kampuni ilifunga milango mwaka 2012.

Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo sita.

*Kasi:* tangu siku unapopata mpangilio wa jeni hadi unaposhika gramu ya kwanza, ni wiki, miezi au miaka?

*Wingi:* hapa watu husema "nyingi" bila kutaja ni kiasi gani. Chanjo ya UVIKO-19 iliyoitwa Covifenz ilikuwa na mikrogramu 3.75 za protini kwa dozi. Kingamwili za ZMapp dhidi ya Ebola zilitolewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, mara tatu. Mtu wa kilo 60 alihitaji gramu 9, na gramu hizo 9 zingetosha dozi milioni 2.4 za chanjo ile. Sasa chukua albumini, protini ya damu wanayopewa walioungua na wenye ini lililochoka: chupa moja ya mililita 50 ya asilimia 20 ina gramu 10, na dunia nzima hutumia mamia ya tani kwa mwaka. Zote tatu ni protini za tiba au kinga, lakini mtambo wa moja hauwezi kuwa mtambo wa nyingine. Fanya hesabu hii kwa protini yako kabla hujasoma njia yoyote hapa chini.

*Sukari:* protini nyingi za binadamu huvishwa minyororo ya sukari zinapotengenezwa. Mmea nao huvisha, ila kwa mtindo wake. Huongeza zailosi na aina ya fukosi ambazo mwili wetu hauzitengenezi, na haumalizii mnyororo kwa asidi sialiki, ambayo husaidia protini kukaa kwenye damu muda mrefu. Kwa protini moja hilo ni kasoro, kwa nyingine halina maana yoyote, na kuna mahali ambapo ni faida tupu.

*Usafishaji:* dawa ya sindano lazima itenganishwe na kila kitu kingine kilichokuwemo kwenye mmea. Mwanga wa jua ni bure, lakini safu za kromatografia, zile nguzo za kuitenga protini moja na nyingine, hazijawahi kuwa bure. Sehemu kubwa ya gharama iko hapa, na hapa ndipo hoja ya "mmea ni rahisi" huanza kupwaya.

*Uzio na sheria:* jeni ya dawa ikitoroka kwenda kwenye chakula cha watu, nani atawajibika? Na je, nchi uliyopo inaruhusu kazi hiyo nje ya maabara?

*Rekodi:* kuna dawa ya njia hii iliyokwisha kupita mbele ya mamlaka za dawa, ikaandikiwa wagonjwa?

Seli za mmea ndani ya mfuko

Hapa hakuna shamba wala majani. Seli za karoti au za tumbaku huogelea kwenye mfuko mkubwa wa plastiki wenye maji, sukari, chumvi na homoni za mimea, huku hewa ikipulizwa kutoka chini.

*Kasi:* ya wastani hadi polepole. Kupata ukoo wa seli unaotoa protini kwa uthabiti huchukua miezi mingi, na zaidi ya mwaka si ajabu. Ukishaupata, benki ya seli inabaki na kila mzunguko unafanana na uliotangulia.

*Wingi:* wa kadiri. Seli za mmea ni kubwa, nyingi huzaliana polepole kuliko za hamsta, na mavuno kwa lita kwa kawaida ni madogo. Kwa ugonjwa wenye wagonjwa elfu chache duniani hilo halisumbui. Kwa albumini, sahau.

*Sukari:* njia hii ndiyo yenye kisa kizuri kuliko zote. Wagonjwa wa Gaucher hukosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta fulani, na mafuta hayo hurundikana ndani ya makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza mabaki, hadi wengu na ini vikavimba na mifupa ikadhoofika. Kimeng'enya cha kuwapa kwa mshipa hakina budi kuingia ndani ya makrofaji zenyewe, nazo zina mlango unaofunguliwa na sukari iitwayo mannosi. Kimeng'enya kinachotoka kwenye seli za hamsta mannosi yake imefunikwa na sukari nyingine, kwa hiyo kiwandani hupitishwa kwenye hatua za ziada za kuzimenya. Kampuni ya Protalix ya Israel ilikielekeza kimeng'enya hicho kwenye vakuoli, kifuko cha hifadhi ndani ya seli ya karoti, na vakuoli huacha mannosi wazi kwa tabia yake yenyewe. Hakuna cha kumenya. Kile ambacho kwa dawa nyingine kingekuwa dosari ndicho kilichoifanya karoti istahili kazi hiyo.

*Usafishaji:* mwepesi kuliko wa jani. Hakuna udongo, hakuna wadudu, klorofili ni kidogo au haipo. Ila protini ikibaki ndani ya seli, itabidi uzivunje.

*Uzio na sheria:* hapa njia hii haina mpinzani. Hakuna chavua, hakuna mbegu, kila kitu kiko ndani ya jengo. Mkaguzi wa dawa akiingia anaona kitu kinachofanana na anachokijua. Faida nyingine ilijitokeza mwaka 2009, pale virusi vya jamii ya Vesivirus vilipoingia kwenye kiwanda cha Genzyme cha Allston, Massachusetts, kilichotumia seli za hamsta kutengeneza dawa ya Gaucher. Uzalishaji ulisimama, na wagonjwa duniani kote wakapunguziwa dozi au wakakosa kabisa. Virusi vya wanyama havikui ndani ya seli za karoti. Wakati wa uhaba huo Marekani iliruhusu dawa ya karoti itumike hata kabla ya idhini kamili.

*Rekodi:* bora kuliko zote. Taliglucerase alfa, kwa jina la biashara Elelyso, iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Mei 2012, ikiwa protini ya kwanza ya tiba kutoka seli za mmea kufika hapo. Mei 2023 ikafuata Elfabrio kwa ugonjwa wa Fabry, safari hii kutoka seli za tumbaku, ikaidhinishwa Marekani na Umoja wa Ulaya. Lakini idhini si soko. Ulaya ilikuwa imeikataa Elelyso, na si kwa sababu ya ubora: dawa nyingine ya Gaucher, VPRIV, ilikuwa na haki ya kipekee inayopewa dawa za magonjwa adimu. Anayepanga kuingia kwenye magonjwa adimu asome haki hizo kabla ya kununua mfuko wa kwanza.

*Inamfaa:* mwenye kimeng'enya cha ugonjwa adimu, anayeweza kusubiri, na anayetaka mamlaka za dawa zisishtuke.

Jani la Nicotiana benthamiana

Huyu ni binamu wa tumbaku kutoka Australia, mdogo, laini, asiyevutwa na mtu. Nalitaja hilo kwa ajili ya mkulima wa Urambo au Tabora atakayesikia "dawa kutoka tumbaku": asihesabu soko jipya bado. Mmea huu hukuzwa ndani ya jengo, kwenye trei, chini ya taa.

Aina inayotumika maabara ina jeni ya ulinzi dhidi ya virusi iliyoharibika, ndiyo maana hupokea maagizo ya kigeni bila ukaidi. Jeni yako huwekwa ndani ya bakteria wa udongo, Agrobacterium. Mimea yenye umri wa wiki nne hadi sita hupinduliwa kichwa chini ndani ya maji yenye bakteria hao, pampu inavuta hewa, kisha ombwe linaachiwa ghafla, na jani linayanywa maji hayo mithili ya sifongo. Baada ya siku tano hadi saba majani huvunwa. Jeni haijaingia kwenye mbegu, na mmea hauachwi utoe maua.

*Kasi:* hakuna anayeikaribia. Medicago, kampuni ya Quebec, ilitangaza Machi 2020 kwamba imepata chembe zinazofanana na virusi vya korona siku 20 baada ya kupata mpangilio wa jeni. Mwaka 2012, katika zoezi lililofadhiliwa na jeshi la Marekani, kampuni hiyohiyo ilitoa dozi zaidi ya milioni 10 za chanjo ya mafua ya H1N1 kwa mwezi mmoja.

*Wingi:* rudi kwenye hesabu ya juu. Kingamwili ikikubali vizuri, kilo moja ya majani mabichi inaweza kutoa hadi nusu gramu au gramu nzima kabla ya usafishaji, na nyingi hutoa pungufu ya hapo. Kwa chanjo ya mikrogramu 3.75 huo ni utajiri. Kwa gramu 9 za mgonjwa mmoja wa Ebola ni makumi ya kilo za majani. Mwaka 2014 ZMapp, iliyokuzwa Owensboro, Kentucky, ilipewa Wamarekani wawili walioambukizwa Liberia, dunia ikaitaka, na kabla ya Agosti kwisha akiba yote ilikuwa imemalizika baada ya kuwafikia wagonjwa wachache. Watu walishangaa, kwani walikuwa wameambiwa mimea ni ya haraka. Ilikuwa ya haraka kweli. Haikuwa mingi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

*Sukari:* zimerekebishika. Tangu 2008 kuna mimea iliyozimwa uwezo wa kuongeza zailosi na fukosi ile ya kimea, na ZMapp ilitoka kwenye mimea ya namna hiyo. Kingamwili isiyo na fukosi hushikana vizuri zaidi na baadhi ya seli za kinga, kwa hiyo kwa kingamwili za kuua adui jambo hili ni la kutafutwa, si la kuvumiliwa. Asidi sialiki bado inahitaji kuongezewa jeni kadhaa.

*Usafishaji:* hapa ndipo jasho linapotoka. Ukisaga jani unapata uji wa kijani wenye klorofili, vimeng'enya vinavyokata protini, nikotini na fenoli, na juu ya yote rubisko, protini ya mmea mwenyewe ambayo inaweza kuwa hata nusu ya protini yote inayoyeyuka ndani ya jani. Kingamwili ina bahati kwa sababu kuna safu ya Protini A inayoikamata peke yake. Protini isiyo na ndoano ya namna hiyo itakutesa.

*Uzio na sheria:* rahisi kuliko mbegu, kwa kuwa mmea haurithishi jeni. Usidhani hutahitaji kibali, lakini. Bakteria mwenyewe amebadilishwa vinasaba, na kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi yako itataka kujua maji ya kuloweshea yanaishia wapi.

*Rekodi:* mchanganyiko, na inastahili kusomwa polepole. Covifenz iliidhinishwa Kanada tarehe 24 Februari 2022, chanjo ya kwanza ya binadamu kutoka kwenye mmea, yenye ufanisi wa takribani asilimia 70 dhidi ya ugonjwa wenye dalili. Shirika la Afya Duniani likakataa kuipokea kwa sababu kampuni ya sigara ya Philip Morris ilikuwa na hisa ndani ya Medicago. Mwaka mmoja baadaye mmiliki mkuu, Mitsubishi Chemical Group ya Japani, alitangaza kuifunga Medicago. Chanjo haikuanguka kwa sababu ya jani. Soko lilikuwa limejaa chanjo nyingine, na jina la mwanahisa mmoja lilifunga mlango ambao nchi maskini zingepitia.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi zaidi. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, mashariki mwa Kongo, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, dawa nne za Ebola zilishindanishwa kwa jaribio lililoongozwa na timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzao wa Marekani. Kati ya waliopewa ZMapp, karibu nusu walifariki. Kwa mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya manusura wa mlipuko wa Kikwit wa 1995, waliofariki walikuwa takribani asilimia 35, na kwa mchanganyiko wa kingamwili wa kampuni ya Regeneron karibu asilimia 34. Hizo mbili zinatengenezwa na seli za hamsta, na zote ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2020.

Je, jani lilishindwa na hamsta? Jaribio halikuuliza hivyo. Kingamwili zenyewe zilikuwa tofauti, zinashika sehemu tofauti za virusi, na ZMapp ilihitaji dripu tatu kwa siku tofauti wakati zile mbili zilitolewa mara moja tu. Ningeweka lawama kwenye chaguo la kingamwili kabla ya kuiweka kwenye mmea. Lakini pia singemsikiliza anayetaja ZMapp kama ushindi wa mimea bila kutaja Beni. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

*Inamfaa:* anayekimbizana na mlipuko, anayetengeneza chanjo ya dozi ndogo, na kila mtafiti anayetaka kujua haraka kama protini yake inatengenezeka ndani ya mmea hata kidogo.

Punje: mpunga, shayiri, mahindi

*Kasi:* ya miaka. Unatengeneza mmea wenye jeni ya kudumu, unasubiri vizazi kadhaa ili kupata ukoo thabiti, halafu ndipo unaongeza mbegu msimu baada ya msimu.

*Wingi:* mkubwa kuliko njia nyingine yoyote hapa. Watafiti wa Wuhan waliripoti mwaka 2011 gramu 2.75 za albumini ya binadamu kwa kila kilo ya mchele usiokobolewa. Kwa hesabu ya makaratasi, kabla ya upotevu, kilo nne hazihitajiki hata kupata chupa moja ya hospitali. Ukitaka mara kumi zaidi, unalima eneo mara kumi. Huhitaji kujenga viwanda kumi vya seli.

*Sukari:* si hoja kwa albumini, kwani haina sukari hata kwenye damu yako. Ndiyo maana albumini na mpunga vinapatana. Kwa protini yenye sukari tete, punje haikupi nafasi kubwa ya kurekebisha.

*Usafishaji:* punje ina protini za aina chache, haina klorofili, na ni kavu. Ukavu huo ni hazina: protini hudumu ghalani miezi, hata miaka, bila friji, ukaisafisha siku mnunuzi anapolipa. Kwa nchi ambayo umeme hukatika, hili lingepaswa kutajwa kabla ya mengine yote.

*Uzio na sheria:* hapa ndipo ndoto nyingi zilipozikwa. Mwaka 2001 kampuni ya ProdiGene ililima Nebraska mahindi yenye protini ya chanjo ya nguruwe. Msimu uliofuata shamba likapandwa soya, mahindi yaliyojiotea yakavunwa pamoja nayo, na ghala la Aurora lenye busheli 500,000 za soya likazuiwa. Faini ilikuwa dola 250,000, na gharama za kununua na kuiteketeza soya ile zikafika mamilioni. Tangu hapo neno "mahindi ya dawa" linawatia homa wafanyabiashara wa chakula. Ventria, kampuni ya mpunga wa dawa, ilipotaka kulima Missouri mwaka 2005, watengenezaji wa bia wa Anheuser-Busch walitishia kususia mchele wote wa jimbo hilo. Ventria ikahamia Kansas, mahali ambapo hakuna anayelima mpunga wa biashara. ORF Genetics ya Iceland ilikwepa mzozo kwa kuotesha shayiri ndani ya vitalu nyumba, na ikaanza na vipodozi badala ya sindano.

Mahindi yanachavushwa na upepo, kwa hiyo ni chaguo baya karibu kila mahali panapoliwa ugali. Mpunga hujichavusha wenyewe, na hiyo husemwa kama kinga ya kutosha. Kwetu haitoshi: mpunga-mwitu, Oryza longistaminata, unaota kwenye mabonde ya Afrika Mashariki na unaweza kuzaliana na mpunga wa shambani. Kisha iko sheria. Januari 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kusitisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba. Uganda Bunge lilipitisha mswada mwaka 2017, Rais akakataa kuutia saini. Kenya ina sheria tangu 2009 na mamlaka yake, lakini suala hilo limekuwa likizunguka mahakamani. Mwenye mpango wa miaka kumi unaotegemea shamba la wazi anawekea dau siasa, si mpunga.

*Rekodi:* vitendanishi na virutubisho vya kukuzia seli maabara, pamoja na vipodozi, vimekuwa vikiuzwa kwa miaka. Sindano ya binadamu ilikuwa safari ndefu zaidi: albumini ya mpunga iliidhinishwa China mwaka 2025 tu.

*Inamfaa:* mwenye protini inayotakiwa kwa tani, isiyo na sukari, mwenye mtaji wa kusubiri, na mwenye ardhi iliyo mbali na ndugu wa zao lake.

Kloroplasti, kwa ufupi

Jeni haiwekwi kwenye kiini cha seli bali kwenye kloroplasti, kwa bunduki ya chembe za dhahabu. *Kasi* ni ya polepole kama ya mbegu. *Wingi* wake unashangaza: kwenye tumbaku imewahi kufika zaidi ya asilimia 70 ya protini yote inayoyeyuka. *Sukari* hakuna kabisa. *Uzio* ni mzuri kwa kuwa katika mimea mingi chavua haibebi kloroplasti. *Usafishaji* ndio unaowavutia wengi, maana Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake hujaribu kuukwepa: saladi inakaushwa kwa baridi, inasagwa, inamezwa, na ukuta wa seli unailinda protini tumboni. Mbwa wenye hemofilia B, ugonjwa wa damu kutoganda, wamejaribiwa kwa njia hiyo. *Rekodi* mbele ya mamlaka za dawa bado ni tupu. *Inamfaa* mtafiti mvumilivu mwenye protini inayoweza kufanya kazi kupitia utumbo.

Usiichanganye na hadithi ya "ndizi ya chanjo" iliyovuma miaka ya 1990. Viazi vibichi vyenye kipande cha sumu ya bakteria vililishwa watu kwenye jaribio lililochapishwa 1998, na kinga iliamka kweli. Kilichoshindikana ni kipimo: tunda moja lina nyingi, jingine lina kidogo, na hakuna daktari anayeandika "nusu ndizi".

Kwa hali yako

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili na maabara ya kawaida, chukua benthamiana. Bomba la sindano lisilo na ncha linatosha kuingizia bakteria kwenye majani machache, na ndani ya wiki utajua kama kuna kitu. Hata anayelenga seli au punje aanzie hapo.

Kama protini yako lazima iingie kwenye makrofaji, au ni ya wagonjwa wachache wanaolipiwa na bima za nchi tajiri, nenda kwenye seli. Kama lazima ikae kwenye damu kwa siku nyingi na inategemea asidi sialiki, seli za hamsta bado zitakuhudumia vizuri zaidi. Kama ni ndogo na haina sukari, jaribu bakteria na hamira kwanza, na usione haya kuacha mimea.

Kama uko wizarani unapanga maandalizi ya milipuko, jani lina mantiki kwa chanjo za dozi ndogo. Lakini mtambo wake lazima uwe unafanya kazi nyingine kila siku kabla mlipuko haujaja, na orodha ya wanahisa uisome kwa makini kama unavyosoma takwimu za ufanisi.

Kama unafikiria mifugo, uwanja uko wazi zaidi ila usidanganyike. Marekani iliidhinisha mwaka 2006 chanjo ya kideri ya kuku kutoka seli za tumbaku, na haikufika sokoni. Mfugaji wa kuku wa kienyeji Tanzania ana chanjo ya I-2 inayostahimili joto, inayotengenezwa kwa mayai, kwa bei ambayo hakuna mmea utakaoishusha. Tafuta badala yake ugonjwa ambao chanjo iliyopo ina hatari yake, kama bluetongue ya kondoo, ambako virusi hai vya chanjo vinaweza kuchanganyika na vya mwituni. Chembe zilizotengenezwa ndani ya benthamiana kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Cape Town na John Innes Centre ya Uingereza ziliwakinga kondoo, matokeo yakachapishwa 2013.

Na kama una taasisi ndogo Nairobi, Morogoro au Kampala, huna mtambo wa sindano na hutaupata karibuni, anza na vitendanishi: antijeni na kingamwili za vipimo vya maabara. Havidungwi mtu, kwa hiyo viwango vya usafi ni vyepesi, kiasi kinachotakiwa ni miligramu, na mteja ni maabara jirani inayoagiza vitu hivyo ng'ambo na kuvisubiri forodhani. Cape Bio Pharms, kampuni iliyochipuka kutoka kwenye utafiti wa Cape Town, ilipita njia hiyo ilipoanza kutoa protini za korona mwaka 2020. Chumba chenye taa, pampu ya ombwe, trei za benthamiana na fundi mmoja wa kromatografia anayejua kazi yake: hapo gharama kubwa itakuwa mshahara wa huyo fundi, na usimpunje.